Baiskeli Milimani, Mashindanoni na Njiani Kwenda Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa kila mara na watu wanaoanza kuipenda baiskeli, awe ni mtu anayetaka kufika kazini bila kukwama kwenye foleni, anayetamani njia za milimani, au anayejiuliza kama anaweza kusimama kwenye mstari wa kuanzia mashindano. Yamewekwa pamoja kwa makusudi, kwa sababu stadi inayopatikana upande mmoja humfaa mtu upande wa pili: aliyezoea kushuka mteremko wenye mawe huwa mtulivu barabarani, na anayekwenda kazini kwa baiskeli kila siku hujenga pumzi ya mashindano bila kuitafuta. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Misingi

1. Nichague baiskeli ya aina gani?

Tazama njia utakayopita mara nyingi zaidi, wala si ile unayoiota. Baiskeli ya mashindano ya barabarani ina usukani uliopinda kuelekea chini na tairi nyembamba, ambazo siku hizi huwa na upana wa milimita 25 hadi 32. Kwenye lami nzuri huteleza kama haina uzito, lakini kwenye kokoto humchosha mwendeshaji upesi. Baiskeli ya milimani ina usukani mpana ulionyooka, tairi zenye meno za inchi 2.2 au zaidi, na shokamzoba mbele, pengine na nyuma pia. Baiskeli ya kwenda kazini haihitaji sifa za ajabu, ila iwe na madigadi, keria imara, taa na nafasi ya kukaa wima kiasi cha kuona mbali.

Ukubwa wa fremu una uzito kuliko aina. Baiskeli nzuri isiyolingana na urefu wako itakuumiza mgongo na magoti hata ukiilipia fedha nyingi, ilhali ya kawaida inayokuenea vizuri utaipanda kwa miaka.

2. Kiti kikae juu kiasi gani?

Egemea ukuta, panda, kisha weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinamia upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo juu ya pedali, mahali pake pa kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo, na huo ndio urefu unaotakiwa. Watu wengi wanaoanza hukishusha kiti mno ili miguu yote miwili ifike chini wakiwa wamekaa; inaeleweka, lakini gharama yake hulipwa na magoti. Ukisimama, shuka kitini na usimame mbele yake.

Milimani mambo hubadilika: kwenye mteremko mkali kiti hushushwa ili mwili upate nafasi ya kusogea, na baiskeli nyingi za kisasa za milimani zina nguzo ya kiti inayoshuka na kupanda kwa kubonyeza kitufe kilichopo kwenye usukani.

3. Gia zote hizi ni za nini?

Ni za kuiwezesha miguu yako ifanye kazi ile ile huku ardhi ikibadilika. Kwenye tambarare, waendeshaji wazoefu huzungusha pedali takriban mara 80 hadi 100 kwa dakika. Anayeanza anaweza kuridhika na 60 au 70, lakini aepuke kukanyaga gia nzito kwa mizunguko michache, kwani mzigo wote huangukia magoti. Badilisha gia kabla mlima haujakubana, ukiwa bado unazungusha kwa wepesi, kwa sababu mnyororo uliovutwa kwa nguvu zote hugoma kuhama au huhama kwa kishindo.

Ikiwa baiskeli yako ina maduara ya meno mbele yenye ukubwa tofauti, usiunganishe duara kubwa la mbele na duara kubwa kabisa la nyuma. Mnyororo hukaa kwa mshazari na kulika mapema.

4. Sijapanda baiskeli tangu utotoni. Je, nimechelewa?

Hujachelewa. Mwili hausahau mizani ya baiskeli, na kinachohitaji muda ni uhodari wa kusimama ghafla, kutazama nyuma bila kuyumba, na kuachia mkono mmoja ili kutoa ishara. Fanyia mazoezi mambo hayo matatu kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani.

## Kwenda kazini na kurudi

5. Nitafikaje kazini bila kulowa jasho?

Punguza mwendo, hasa katika dakika 10 za mwisho. Jasho jingi humtoka mtu baada ya kusimama, wakati upepo uliokuwa ukimpoza umekoma na mwili bado una joto. Anayemalizia safari polepole huingia ofisini akiwa mkavu kuliko aliyeshindana na mabasi hadi mlangoni. Mzigo nao usiwe mgongoni. Begi likihamia kwenye keria, mgongo hupumua, na tofauti huonekana kuanzia siku ya kwanza.

Wengine huacha viatu na nguo za kubadili kazini mara moja kwa wiki. Ni utaratibu mzuri, ila usiusubiri ukamilike ndipo uanze.

6. Je, ni salama kupita kati ya magari?

Hatari ipo, na sehemu yake kubwa hupungua kwa namna unavyojiweka barabarani. Waendeshaji wengi wapya hujibana ukingoni kabisa wakidhani ndiko kwenye usalama. Ukingoni kuna mashimo, mifereji na vioo vilivyovunjika, na madereva huvutika kukupita hata pale ambapo nafasi haitoshi. Kaa mbali kidogo na ukingo, nyoosha mwendo wako bila kuchomekachomeka kati ya magari yaliyoegeshwa, na uyapite magari hayo kwa umbali wa mita moja au zaidi, kwa sababu mlango hufunguka bila taarifa.

Gari kubwa la mizigo lina maeneo ambayo dereva haoni kitu, mabaya zaidi yakiwa ubavuni, upande ambao gari linakata kona. Usiingie hapo kamwe, hata kama gari limesimama kwenye taa na nafasi inaonekana kutosha. Subiri nyuma. Katika ukurasa huu wote, hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko mengine.

Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni za lazima. Vitambaa vinavyoakisi mwanga vikifungwa vifundoni husaidia sana, kwa sababu miguu inayopanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba mbele yake kuna mtu wa baiskeli.

7. Mvua ikinyesha?

Vaa koti, washa taa, na ongeza umbali wa kusimama. Breki zinazobana rimu huchelewa kushika zikiwa na maji, hivyo ziguse kidogo mapema ili zijikaushe. Breki za diski huathirika kidogo tu. Michoro ya rangi barabarani, vifuniko vya chuma na reli huteleza kupita kiasi: vipite ukiwa umenyooka, bila kukata kona na bila kubana breki juu yake. Ukifika, futa mnyororo (tazama swali la 17).

8. Furaha yake iko wapi hasa, ikiwa ni safari ile ile kila siku?

Iko katika huko kurudia. Mtu aliyefungiwa ndani ya gari huijua barabara kwa foleni zake, lakini wa baiskeli huijua kwa mwili: mahali ambapo hewa hupoa ghafla chini ya miti, mwinuko mdogo ambao dereva hajawahi kuuona, harufu ya udongo mvua ya kwanza inapogusa vumbi. Kuna furaha ya pili isiyosemwa vya kutosha, nayo ni uhakika wa muda. Safari ya nusu saa kwa baiskeli hubaki karibu nusu saa, foleni iwepo isiwepo, na mtu anayejua atafika lini huanza kazi akiwa na utulivu ambao wenzake wameuacha njiani.

Jioni, safari hiyo hiyo hutenganisha kazi na nyumbani. Wengi husema ndiyo sehemu ya siku wanayoikosa zaidi wanapolazimika kutumia usafiri mwingine, nami ninakubaliana nao kabisa.

## Njia za milimani

9. Mchezo huu ulianzia wapi?

Watu wamepita njia mbovu kwa baiskeli tangu zamani, lakini mchezo tunaoujua leo ulipata sura yake katika jimbo la California, Marekani, miaka ya 1970. Vijana wa Marin County walichukua baiskeli nzito za zamani zenye tairi nene na kuziteremsha milimani kwa kasi. Mwaka 1976 walianza mashindano kwenye mteremko ulioitwa Repack. Breki zao zilikuwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma na zilifanya kazi kwa kurudisha pedali nyuma. Joto la mteremko mmoja liliichoma grisi yote, na habu ikabidi ijazwe upya, ndipo mteremko ukapata jina hilo, ambalo kwa Kiingereza maana yake ni kujaza upya.

Joe Breeze, mmoja wao, alitengeneza fremu mahususi kwa kazi hiyo mwaka 1977. Mashindano ya kwanza ya dunia yanayotambuliwa na shirikisho la kimataifa, UCI, yalifanyika Durango, Colorado, mwaka 1990, na mchezo ukaingia Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, ambako Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia walikuwa washindi wa kwanza.

10. Ninaogopa kuteremka. Nifanye nini?

Hofu hiyo ina sababu, na dawa yake ni mkao kuliko ujasiri. Simama juu ya pedali, mikono ya pedali ikiwa imelala sambamba na ardhi ili pedali ya chini isigonge jiwe. Shusha visigino. Viwiko vifunguke nje, magoti yalegee, na uzito wako wote uhisi umetua miguuni wala si viganjani. Ukiwa umesimama hivi, baiskeli inaweza kurukaruka chini yako bila kukurusha. Ukikaa kitini, kila jiwe hukupiga wewe.

Sasa tazama mkono. Kidole cha shahada pekee ndicho kinachokaa juu ya breki. Vingine vinne vimeshika usukani. Breki nzuri ya diski haihitaji zaidi ya kidole kimoja, na anayebana kwa vidole vyote huifunga ghafla, gurudumu likasimama na kuanza kuserereka. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu uzito husogea mbele unapopunguza mwendo, hivyo usiikimbie. Ibane taratibu ukiwa umenyooka, na uiachie kabla ya kuingia kona yenye changarawe.

Macho yatazame mbali, mahali unapotaka kufika. Ukilikodolea macho jiwe, utaliendea. Na kama sehemu fulani imekushinda, shuka na uipite kwa miguu, kisha urudi siku nyingine. Waendeshaji bora nao hukagua njia kwa miguu kabla ya kuishuka.

11. Gurudumu la nyuma huteleza ninapopanda mlima. Kwa nini?

Umesimama, au umekaa nyuma mno, au gia ni nzito. Kaa kitini, sogea hadi ncha yake ya mbele, shusha kifua kuelekea usukani na uzungushe gia nyepesi kwa mwendo usiokatika. Gurudumu la nyuma linahitaji uzito ili lishike, na la mbele linahitaji kiasi kidogo ili lisiinuke. Kutafuta uwiano huo kwenye mlima wenye mizizi ni raha ya pekee, na siku utakapoumaliza mlima uliokuwa ukikushinda hutaisahau.

12. Tairi zijazwe upepo kiasi gani?

Pungufu kuliko wengi wanavyodhani. Tairi za milimani zisizo na tyubu hufanya kazi vizuri kati ya psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 20 na 28 kwa watu wengi. Zenye tyubu huhitaji zaidi kidogo, vinginevyo tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yanayoelekeana. Tairi za barabarani za milimita 28 hukaa vyema karibu na psi 70 hadi 85, na za mjini zenye upana wa milimita 40 karibu na 50. Mtu mzito aongeze, mwepesi apunguze. Heshimu daima kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

13. Ni adabu gani za kuzingatia njiani?

Mpishe anayetembea kwa miguu na anayepanda mlima. Ukikutana na farasi, simama na uongee kwa sauti tulivu ili mnyama ajue kuwa wewe ni binadamu. Usipite njia iliyolowa tope zito, kwa maana mifereji ya tairi hugeuka mikondo ya maji na njia huharibika kwa msimu mzima.

## Mashindano

14. Kuna mashindano ya aina gani?

Barabarani kuna ya siku moja na ya hatua, yaani ya siku kadhaa, kila siku ikiwa na mbio zake. Tour de France, iliyoanza mwaka 1903, sasa hupigwa kwa hatua 21 ndani ya wiki tatu, na mwenye jumla ndogo ya muda huvaa jezi ya njano. Jezi ya kijani ni ya pointi, na mwaka 2024 ilitwaliwa na Biniam Girmay wa Eritrea, ambaye katika mashindano hayo alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua, kisha akashinda nyingine mbili. Mwaka uliofuata mashindano ya dunia ya barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, jijini Kigali.

Milimani, mbio za mzunguko huchukua takriban saa moja na nusu na huhitaji pumzi. Mbio za kuteremka huisha kwa dakika chache na huhitaji ustadi wa swali la 10 katika kiwango cha juu kabisa.

15. Kwa nini waendeshaji hubanana kundini badala ya kila mmoja kukimbia kivyake?

Kwa sababu ya hewa. Kwenye tambarare, mtu anapozidi kilomita 20 hivi kwa saa, adui yake mkubwa si uzito wala msuguano wa tairi bali upepo anaoukata mwenyewe. Nguvu inayohitajika kuukata huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo: ukitoka kilomita 30 hadi 36 kwa saa, umeongeza mwendo kwa asilimia 20, lakini nguvu ya kupambana na hewa imepanda kwa takriban asilimia 73. Anayejificha nyuma ya mwenzake kwa karibu huokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake, na aliye katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi.

Humo ndimo uzuri wa mbio za barabarani ulimo. Wapinzani wanalazimika kushirikiana, wakipokezana kukaa mbele, huku kila mmoja akipima ni lini atamgeuka mwenzake. Filippo Ganna wa Italia, aliyekwenda kilomita 56.792 kwa saa moja mwaka 2022, alifanya hivyo peke yake uwanjani bila mgongo wa mtu wa kujifichia, na anayeijua hesabu iliyo hapo juu ndiye anayeelewa ukubwa wa alichokifanya.

16. Niko tayari kushindana? Na nile nini?

Ukiweza kumaliza umbali wa mashindano kwa mwendo wako wa kawaida, na ukiweza kupanda bega kwa bega na wengine bila kuogopa, uko tayari. Stadi ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza. Jifunze na kundi dogo la watu wanaoaminika. Kwa mbio zinazozidi saa moja, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, ukianza kabla ya kuhisi njaa, na usijaribu chakula kipya siku yenyewe.

Wengi huuliza kama kuna maana ya kushindana bila matumaini ya kushinda. Ipo, tena kubwa. Katika mbio za watu 100, 99 hawashindi, na bado wanarudi. Wanarudi kwa ajili ya yule mmoja waliyevutana naye hadi mstari wa mwisho wakigombea nafasi ya 40, ambaye hawakumjua asubuhi na wanamkumbatia mchana.

## Matunzo na mambo yasiyo ya kawaida

17. Mnyororo utunzwe vipi, na ubadilishwe lini?

Ufute kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la oili kwenye kila kiungo, zungusha pedali kwa dakika moja, kisha ufute tena hadi nje paonekane pakavu. Oili inatakiwa ndani ya viungo. Ile inayobaki nje hukusanya mchanga na kugeuka msasa. Ili kujua umri wake, pima viungo 24 kutoka pini hadi pini. Mnyororo mpya una inchi 12 kamili. Ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ubadilishe, la sivyo utayala meno ya nyuma, ambayo ni ghali zaidi.

18. Pedali ya kushoto haifunguki hata nitumie nguvu gani.

Huenda unaikaza. Nyuzi zake zimegeuzwa. Kwa pedali zote mbili, spana ikiwa imeelekea juu kutoka kwenye pedali, isukume kuelekea gurudumu la nyuma ili kufungua, na kuelekea la mbele ili kukaza. Paka grisi kabla ya kuirudisha.

19. Mikono hufa ganzi na magoti huuma. Niache?

Usiache, rekebisha. Ganzi mara nyingi hutokana na ncha ya kiti iliyoinamia mbele, inayokusukuma juu ya viganja. Kilaze kiti sawasawa na ubadilishe mshiko kila baada ya muda. Maumivu mbele ya goti huashiria kiti kilicho chini mno au gia nzito, na ya nyuma ya goti huashiria kiti kilicho juu mno (tazama maswali ya 2 na 3). Yakiendelea, mwone daktari.

20. Nimeanguka, lakini helmeti haina ufa. Niendelee kuitumia?

Kama iligonga chini, hapana. Povu lake hufyonza pigo kwa kusagika, na likisagika halirudi, hata kama nje panang'aa.

21. Je, baiskeli yenye mota ya umeme ni udanganyifu?

Mashindanoni, kuficha mota ni kosa kubwa na huadhibiwa vikali. Kazini na milimani, sivyo hata kidogo. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mota ya kawaida ya kusaidia haizidi wati 250 na hukata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa, hivyo mwendeshaji bado anakanyaga. Inamrudisha njiani mtu mwenye goti bovu, na inamwezesha mume au mke asiye na mazoezi kwenda sambamba na mwenzake.

22. Je, baiskeli moja inaweza kunitosha kwa yote matatu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Baiskeli ya milimani yenye shokamzoba mbele tu, ikiwa na seti mbili za tairi, humfikisha mtu kazini siku tano na milimani siku ya sita, na huingia mashindano ya mzunguko ya wanaoanza bila aibu. Haitafaa mbio za barabarani za kuanza pamoja, ambako sheria za UCI hudai usukani uliopinda, wala miteremko mikali ya mashindano.

Unaponunua tairi za pili, soma namba mbili zilizoandikwa ubavuni, kwa mfano 40-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokalia rimu. Kipenyo cha 622 ndicho kinachouzwa kwa majina mawili, inchi 29 na 700C, inchi 27.5 ni 584, na inchi 26 ya milimani ni 559. Kipenyo lazima kifanane kabisa, wakati upana unaweza kutofautiana kadiri rimu na fremu zinavyoruhusu. Baada ya kubadilisha, zungusha gurudumu kwa mkono likiwa limeinuliwa, na uhakikishe kuwa tairi imekaa sawa pande zote na haigusi fremu popote, kisha ujaze upepo kwa vipimo vya swali la 12.